Kuunda tanki la Matilda la 1/35 ukiwa Nairobi: mwongozo kamili, kutoka boksi hadi vumbi

Watu wengi wakipata seti ya tanki kitu ya kwanza ni kufungua boksi na kuanza kukata plastiki, alafu wiki mbili baadaye wako na tanki imeshikana poa lakini haiko mahali popote, ni tanki tu, safi, kama imetoka kiwandani asubuhi. Mi siku hizi naanza na swali moja kabla hata sijashika gundi: hii tanki ilikuwa wapi, na ilikuwa mwezi gani? Ukishajibu hiyo, kazi inaanza kujipanga yenyewe. Rangi inajulikana, vumbi linajulikana, hata mizigo ya kufunga huko juu inajulikana.

Yangu ni Matilda, tanki la Waingereza la Vita vya Pili vya Dunia, ya 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko ya kweli: Tobruk, Novemba 1941. Nilichagua mwezi huo juu ya babu yangu mzaa mama. Alikuwa KAR, lile jeshi la King's African Rifles la Waingereza hapa Afrika Mashariki, na Novemba hiyo alikuwa Gondar kule Ethiopia, mahali Waitaliano wa mwisho walisalimu amri tarehe 27. Siku chache tu kabla, mbali kule Libya, mapigano ya Crusader, shambulio la Waingereza la kufungua Tobruk, yalikuwa yameanza tarehe 18 na tarehe 21 Matilda zikatoka ndani ya Tobruk iliyokuwa imezingirwa kwenda kukutana na jeshi lililokuwa linatoka Misri. Na mapema mwaka huo huo Matilda chache zilikuwa zimeletwa hadi Eritrea, zikapigana Keren. Kwa hivyo kwangu hii si tanki ya watu wa mbali.

Na kwa mtu anaanza, Matilda ni tanki mzuri sana. Magurudumu karibu yote yamefichwa nyuma ya yale mabamba ya pembeni, tunayaita sketi, kwa hivyo ile kazi ya kuchosha ya kusafisha vigurudumu kwa Matilda ukikosea kidogo haionekani. Tanki halisi lilikuwa na urefu wa mita 5.6 hivi, uzito karibu tani 27, watu wanne ndani, na chuma cha mbele milimita 78. Kwa 1/35 urefu unakuwa sentimita 16, inakaa kwa kiganja. Ile ya Mark III, toleo la tatu, ilikuwa na injini mbili za Leyland za dizeli, na wazee wa Nairobi waliopanda basi za Leyland miaka hiyo wanajua mngurumo wa dizeli za hiyo kampuni.

Hesabu moja uiweke kichwani muda wote. Kila milimita moja kwa modeli ni sentimita tatu na nusu kwa tanki halisi. Nafasi ya nusu milimita kati ya vipande viwili, ile unaona unasema "hiyo si kitu", kwa tanki halisi ni ufa wa karibu sentimita 2, risasi inapita. Na rangi ikipakwa nzito inafunika ribiti zote. Karibu kila ushauri hapa chini unatoka kwa hiyo hesabu.

Vifaa

Usinunue vitu mob. Kisu chenye wembe wa kubadilisha, kikata kucha kizuri kama huna koleo ndogo, kibano, msasa ule mweusi wa maji (namba 400, 800 na 1000, unauzwa kipande kipande kwa maduka ya rangi za magari kule Kirinyaga Road), brashi tatu, na gundi ya maji ya plastiki ile nyepesi kabisa yenye brashi ndani ya kifuniko. Hiyo gundi haibandiki, inayeyusha plastiki pande zote mbili zikawa kitu kimoja, ndio maana inashinda supaglu kwa kila kitu isipokuwa chuma na waya. Supaglu pia mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwa plastiki ya kioo, taa za tanki yangu ya kwanza ziliharibika hivyo, kwa vioo tumia gundi nyeupe ya mbao.

Thina ya magari isiguse plastiki ikiwa wazi. Hiyo na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha zinakula plastiki, nimewahi kupoteza kifuniko kizima cha injini kwa sekunde kumi nikijaribu kufuta rangi. Thina kali iache ya kuosha vyombo pekee, na uoshe dirisha likiwa wazi. Barakoa ya kawaida inazuia vumbi la msasa lakini mvuke unapita tu, kwa thina na rangi unataka ile yenye vichungi vya kaboni. Kama unaishi kwa chumba kimoja na kuna mtoto, fanyia hiyo kazi nje kwa balkoni, hapo sibembelezi mtu.

Kukata na kushikanisha

Osha fremu zote, yaani zile fito za plastiki zinazoshika vipande, na maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, uzianike. Plastiki inatoka kiwandani na mafuta kidogo na rangi haishiki juu ya mafuta.

Usikate kipande kikiwa karibu na fremu mara moja. Kata mbali kwanza, kibaki na kishina, alafu kata kishina kwa wembe, alafu msasa. Ukikata mara moja plastiki inavutwa na inabaki alama nyeupe au shimo. Kila kipande kijaribu kikavu kabla ya gundi, kila kipande, hata ukiwa na uhakika. Shikanisha pande mbili kwa vidole, gusa brashi ya gundi kwenye mstari tu na utaona inanyonywa yenyewe inakimbia ndani ya ufa, hapo unatulia sekunde kadhaa na kufinya kidogo mpaka utepe mwembamba wa plastiki laini utokee kwa mstari. Usiufute! Uache mpaka kesho ukauke ndio uupige msasa, ufa umekwisha.

Kwa ufa mkubwa kuna dawa ya bure. Chukua vipande vya fremu umebaki navyo, uvikatekate vidogo, weka ndani ya kichupa chenye gundi ya maji imebaki robo, funga, ngoja hadi kesho yake. Utapata uji wa plastiki. Huo uji ni plastiki ile ile ya tanki, unashika, unapigwa msasa vizuri kuliko fila ya magari ambayo ni ngumu na chembe zake ni kubwa.

Bodi ya chini lazima ikae sawa. Iweke juu ya kioo au meza ya marumaru, ukiona kona moja imeinuka rekebisha gundi ikiwa bado laini, juu baadaye tanki litasimama kama meza ya kibanda na hakuna rangi itaficha hiyo.

Ngozi ya chuma

Hapa ndio nataka utulie, juu wengi wanapita bila kujua kuna kazi. Kichwa cha Matilda, ile tureti inayozunguka, na pua ya mbele, vilikuwa chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Chukua sufuria nzito ya kumimina ya jua kali uweke kando ya sufuria nyepesi ya kawaida na uangalie ngozi zao kwa mwanga wa pembeni. Ya kumimina iko na vijipele vidogo vidogo, mawimbi, haiko laini. Ile nyingine imenyooka. Tanki lilikuwa na ngozi hizo zote mbili mwilini, na modeli ikiwa laini kote inaonekana plastiki hata ukipaka rangi ya bei gani.

Kazi iko hivi: paka gundi ya maji kwa sehemu ndogo ya tureti, kama ukubwa wa kucha ya kidole gumba, ngoja plastiki ilainike kidogo, alafu chukua brashi kuukuu umeikata nywele fupi na ugongegonge wima, usifute, gonga tu. Plastiki inainuka vijipele. Sogea sehemu ingine. Ukimaliza iache siku nzima, alafu pitisha msasa wa 1000 mara mbili tatu kuvunja ncha. Ukizidisha itafanana na ukuta wa rafukasti, hapo umeharibu, kumbuka ile hesabu, kipele cha nusu milimita ni donge la sentimita 2. Inua tureti mkabala na dirisha saa kumi jioni, mwanga ukiwa umelala, ndio utajua kama imetosha. Na usiguse mabamba ya injini nyuma, hayo yalikuwa ya kunyooka.

Cheni

Kama seti yako iko na cheni za vipande, unganisha urefu wote juu ya tepu kwanza, paka gundi, ngoja kama nusu saa hivi zikiwa zimeshikana lakini bado zinapinda, alafu zifunge kwenye magurudumu bila kuzigundisha kwa bodi na uzishikilie na sponji mpaka zikauke. Hivyo unaweza kuzitoa zikiwa mzima na kuzipaka rangi pekee yake. Kama ni za raba, funga tu mwisho. Ukishavalisha sketi itabaki ile sehemu ya mbele na nyuma na chini tu, kwa hivyo weka nguvu hapo.

Debe

Sasa mizigo, na hii ndio sehemu naipenda kuliko zote. Mwaka 1941 Waingereza kule jangwani walikuwa wanabeba mafuta na maji kwa mikebe myembamba ya bati ya galoni nne, lita 18 hivi, ya pembe nne, ambayo ilikuwa inavuja vibaya sana mpaka wakawa wanapenda kuokota zile jerikeni za Wajerumani. Huo mkebe wewe unaujua. Ni debe. Ni ile debe ya mafuta ya taa, ile tunapimia mahindi sokoni mpaka leo, ndugu yake kabisa. Nilipogundua hivyo niliacha kutafuta picha nikaenda sokoni na rula.

Debe iko karibu sentimita 24 kwa 24, na kimo 35. Gawanya kwa 35 unapata milimita 7 kwa 7 kwa 10. Chukua mkebe wa soda, ukate na makasi (vaa glavu, hiyo bati inakata vidole), uichome kidogo juu ya jiko mpaka ile rangi itoke na bati ilegee. Chora mstari mrefu wa milimita 28, ugawe mara nne, pitisha mgongo wa wembe kwa kila mstari bila kukata, alafu kunja kuzunguka kijiti cha pembe nne cha milimita 7. Chini na juu unaweka vipande vya mraba na supaglu. Kila upande wa debe halisi una mikunjo imebonyezwa kuipa nguvu, ibonyeze na kalamu ya biki iliyokauka kabla ya kukunja. Mkono wa juu ni kipande cha waya mwembamba. Alafu ibonde kidogo. Debe haijawahi kukaa bila kubondwa, na bati ya kweli ikibondwa inabondeka kama bati, plastiki ya seti haiwezi kukupa hiyo.

Nilitengeneza sita, nikatumia nne. Mbili ziko kando kando nyuma, kwa sababu zilikuwa zinasafiri mbili mbili ndani ya kreti.

Turubai ni tishu ya karatasi safu moja imeloweshwa gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, uikunje ikiwa bado bichi, mikanda yake ni vipande vya karatasi. Waya wa kuvuta tanki ni nyuzi za shaba kutoka ndani ya waya wa stima, zisokote kwa mkono sita au saba.

Rangi

Praima ya kijivu kwanza, nyepesi, alafu subiri siku. Praima itakuonyesha kila ufa uliuacha, na ukiona ufa rudi nyuma urekebishe sasa hivi, usijiambie rangi itafunika, rangi haifuniki kitu, inaonyesha.

Novemba 1941 Matilda nyingi za jangwani bado zilikuwa na mpango wa Caunter, uliopewa jina la Brigedia Caunter. Ni mistari mikubwa iliyonyooka, rangi tatu: Light Stone namba 61, Silver Grey namba 28, na Slate namba 34. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanapaka ile ya katikati bluu ya anga na hata leo utaona modeli nyingi ziko bluu. Si bluu. Silver Grey ni kijivu chenye kijani ndani yake. Kama umewahi kupanda barabara ya Naivasha ukaona vile vichaka vya leleshwa kando ya barabara, lile jani lake, hiyo ndio unatafuta. Slate ni kijani-kijivu imekolea, karibu na jiwe la kujengea la Ndarugo likilowa mvua. Light Stone ni krimu yenye unjano.

Anza na Light Stone kwa tanki yote. Rangi za akriliki zichanganye na thina yake mpaka iwe kama maziwa ya pakiti, iteremke kwa ukuta wa kikombe bila kuacha nyuzi, kompresa iweke psi 15 hadi 20, eabrashi (ile bomba ndogo ya kupuliza rangi) sentimita kumi hivi kutoka kwa tanki, na upake tabaka nyembamba tatu nne badala ya moja nzito. Kama huna eabrashi, brashi pana na rangi nyepesi tabaka tano zitafika, itachukua wikendi mbili, sawa tu. Dondosha nyeupe kidogo kwa kila rangi, juu kwa kitu kidogo rangi halisi itaonekana giza.

Mistari ndio inataka moyo. Tepu ya magari inashika sana, ibandike kwanza kwa suruali ya jinzi mara mbili tatu ipoteze nguvu. Ukingo wa tepu unaotoka kwa roli umeokota vumbi, kata ukingo mpya na rula na wembe juu ya kioo. Ukishabandika, kabla ya kupaka Silver Grey pitisha tena Light Stone kidogo juu ya ukingo wa tepu. Ikivuja chini itavuja ile ile rangi iko hapo, inaziba, na rangi ya pili haina pa kupita. Toa tepu ukiikunja nyuma yake yenyewe, pole pole, usiivute juu. Alafu Slate vivyo hivyo. Kwa Crusader kulikuwa pia na alama ya kujitambulisha, nyeupe-nyekundu-nyeupe wima, ukiiweka umeshaweka tarehe kwa tanki bila kuandika tarehe.

Stika za maji zinataka uso unaong'aa, paka vanishi ya kung'aa hapo kwanza la sivyo hewa inabaki chini na stika inang'aa kifedha. Stika ikikataa kulala kwa vijipele vya tureti, gusa na siki nyeupe kidogo, ngoja, bonyeza na kitambaa kibichi.

Vanishi isiyong'aa usiipulize jioni ya Julai au siku ya mvua ya Aprili. Unyevu unaingia ndani yake na tanki inageuka ukungu mweupe kote. Ngoja saa sita mchana kukiwa na jua.

Uchafu

Changanya rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokolea na nyeusi kidogo, na tapentaini isiyo na harufu, iwe maji machafu tu. Kwa brashi nyembamba gusa chini ya ribiti, kwa bawaba, kwa kona. Itakimbia yenyewe. Ikizidi ngoja dakika ishirini ufute na brashi yenye tapentaini safi, ukivuta kuelekea chini kama maji ya mvua. Mikwaruzo fanya na kipande cha sponji na kahawia iliyokolea, ukipiga kwa karatasi kwanza mpaka karibu iishe, alafu mahali tu watu wanakanyaga: ukingo wa vifuniko, pembe ya sketi mahali pa kupandia. Jangwani hakuna kutu nyingi, kukavu. Kutu iweke kwa eksozi za nyuma, huko moto unachoma rangi. Ncha za cheni zipitishe penseli ya 6B zing'ae.

Vumbi sasa. Usichukue udongo wa hapa. Wa Kikuyu ni mwekundu, wa South C ni mweusi, na zaidi ya rangi, chembe ya udongo wa kweli kwa 1/35 ni kokoto. Chukua choki, nyeupe na ya njano na kahawia kidogo, zisage kwa msasa mpaka ziwe unga kama wa sembe, changanya mpaka ifanane na Light Stone iliyochoka. Weka kwa brashi kavu kwa sketi za chini na mifereji ya kutolea tope na juu ya mabamba nyuma ya tureti mahali upepo unaacha, alafu dondosha tapentaini pembeni ishike. Ikikauka itakuwa nyeupe kuliko ulivyotaka, kwa hivyo weka kidogo, ngoja, angalia, ongeza.

Na chini ya debe weka doa. Hii tanki inakula dizeli na dizeli haikauki kama petroli, inabaki, vumbi linanata juu yake. Rangi ya mafuta kahawia na tone la vanishi ya kung'aa, mstari mmoja kutoka kona ya debe kwenda chini kwa bamba, alafu unga wa choki kidogo pembeni mwa doa likiwa bado bichi. Mtu yeyote aliyewahi kubeba debe inayovuja ataangalia hapo kwanza.

Antena iwe ya mwisho kabisa, juu ukiitia mapema utaivunja mara tatu. Washa mshumaa, shika kipande cha fremu kwa mikono miwili juu ya moto bila kugusa, kizungushe mpaka kilainike na kianze kuinama, kitoe motoni, hesabu moja, vuta. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba kama nywele, ukivuta pole pole unapata mnene kidogo, unataka huo wa pole pole. Kata sentimita 6, choma tundu kwa ncha ya sindano kwenye kitako chake, tone moja la gundi nyeupe, na uiegemeze kwa kikombe usiku kucha isilale.